Kukunja bangili ya brasi isipasuke

Chukua kipande chembamba cha bamba la brasi, ukikunje na kukikunjua mahali pale pale mara kadhaa. Mkunjo wa kwanza ni rahisi, unaofuata unagoma kidogo, halafu ufa unatokea na kipande kinakatika mkononi. Mwanagenzi akija kibandani kwangu hapa Kibuye, Kisumu, hiyo ndiyo kazi ninayompa kabla hajashika nyundo. Brasi huwa ngumu kwa kugongwa na huwa laini kwa moto. Bangili nyingi zinazovunjika mapema zilitengenezwa na mtu aliyejua kugonga vizuri, ila hakujua ni lini arudi motoni na ni lini asirudi.

Tuanze na malighafi, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki. Ile inayokubali kukunjwa ikiwa baridi ina shaba kama asilimia 70 na zinki 30, na ndiyo viwanda vya silaha hutumia kwa maganda ya risasi, kwa sababu inavutika sana bila kuchanika. Brasi ya mfereji wa maji na ya kufuli ni nyingine kabisa. Shaba yake haifiki asilimia 60, na mara nyingi huongezwa madini ya risasi kama asilimia 3 ili ikatike vizuri kwenye mashine ya kukereza. Igonge ikiwa baridi, inapasuka tu, hata uwe fundi wa namna gani. Hiyo ni ya kuyeyushwa na kumiminwa, tena mbali na watoto. Kwa hiyo usiniletee mifereji.

Tafuta mabamba: yale ya kusukumia milango ya hoteli au ofisi inapokarabatiwa, trei kuukuu, mabomba membamba ya pazia. Kichwa cha rejeta ya zamani pia kinafaa, lakini sehemu yoyote iliyoguswa na solda ikate uitupe, kwa sababu solda hiyo ina madini ya risasi na motoni inaila brasi. Nenda na sumaku. Ikinata, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Nunua kwa mwenye leseni na udai risiti. Sheria ya vyuma chakavu ipo tangu 2015, na Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yote kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa nyaya na vyuma vya milingoti ya umeme. Na maganda ya risasi yenyewe ukiyaokota, usiyalete kibandani. Huwezi kujua lipi bado lina baruti, na polisi hawatasikiliza habari za bangili.

Unene wa milimita 1.2 hadi 1.5 unatosha. Pima kifundo cha mkono kwa uzi. Kwa mkono wa sentimita 17, nakata ukanda wa sentimita 15, ili uwazi wa kuingizia mkono ubaki kama sentimita mbili na nusu. Ukitaka alama za nyundo usoni, zigonge kabla ya kukata kipimo cha mwisho, kwa sababu kugonga kunarefusha ukanda na kuupinda kando. Kisha viringisha pembe kwa tupa na ulainishe kingo zote kwa msasa. Usiidharau kazi hii ya kingo. Ufa hauanzi katikati ya bamba, unaanza kwenye kijino kidogo kilichoachwa na msumeno.

Sasa moto. Jiko la makaa na feni ndogo vinatosha; mwenye mtungi wa gesi na bomba la kuchomelea atafanya haraka zaidi. Jambo kubwa ni giza. Jua la Kisumu la saa saba mchana haliruhusu jicho kuona wekundu wa brasi, na utakapouona, bamba liko karibu kuyeyuka. Fanyia kazi kwenye kona yenye kivuli kizito au subiri jioni. Unatafuta wekundu hafifu sana, ule unaojiuliza kama kweli umeuona. Hapo ni kati ya nyuzi 500 na 600 hivi, na brasi imeshalainika. Utoe. Kuuacha zaidi hakuongezi ulaini wa maana, kunakuza tu chembe za ndani, na ukikunja, uso unakuwa na vinundu kama ganda la chungwa ambavyo msasa hauvimalizi.

Ukiona moshi mweupe, umepita mbali: zinki inachemka kwenye nyuzi 907 na huanza kutoka kabla ya hapo. Ukiuvuta moshi huo, saa chache baadaye utatetemeka kwa baridi na homa, na hapa kwetu kila mtu ataiita malaria. Inaisha yenyewe kwa siku moja au mbili, na maziwa ambayo mafundi hupeana hayaitibu. Fanyia kazi mahali penye upepo, ukiwa umeupa mgongo.

Waliozoea visu na majembe huogopa kuizamisha majini brasi ya moto wakidhani itakuwa ngumu. Hiyo ni tabia ya chuma cha pua. Brasi hii ukiipoza kwa maji au kwa hewa, ulaini ni ule ule. Acha tu wekundu upotee kwanza. Weusi utoe kwa maji ya ndimu na chumvi ndani ya chombo cha plastiki. Usitumbukize koleo la chuma humo. Chuma kikiingia, shaba iliyoyeyuka inarudi kuganda juu ya bangili na kuifanya ya waridi.

Kwa kukunja natumia bomba la chuma la inchi moja na nusu na nyundo ya mbao. Anza na ncha mbili, sentimita tatu kila upande, ndipo uje katikati. Ukianza katikati, ncha zitabaki zimenyooka na hutakuwa na pa kuzishikia. Sikiliza nyundo. Brasi laini inatoa sauti ya bubu, na kadiri inavyokuwa ngumu sauti inapanda na nyundo inaanza kukurudia mkononi. Ikirudi hivyo kabla umbo halijakamilika, usibishane nayo. Irudishe motoni, isafishe, endelea. Bamba nene lenye michoro mingi linaweza kutaka moto mara mbili au tatu.

Ila mkunjo wa mwisho haurudi motoni kwenye wekundu. Ugumu ule uliobaki ndio unaoifanya bangili irudi yenyewe baada ya kupanuliwa. Ukiilainisha mwishoni itang'aa vizuri mezani, kisha mteja ataivaa na itakaa wazi kama alivyoivuta.

Na hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hawalijui. Brasi iliyoachwa ngumu ina mvutano ndani yake, na amonia pamoja na unyevu huipasua bila kuguswa na mtu. Jeshi la Waingereza lilipata shida hiyo kule India: maganda ya risasi yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe msimu wa mvua, na ni mwaka 1921 ndipo watafiti walipoeleza kwamba ni amonia ya mkojo wa farasi. Hapa kwetu hatuna farasi, lakini tuna mabanda ya kuku nyuma ya nyumba, na tuna wasusi wanaopaka wateja rangi ya nywele yenye amonia siku nzima wakiwa na bangili mkononi. Dawa yake ni joto dogo: nyuzi 250 kwa muda wa saa moja hivi. Joto hilo linaondoa mvutano bila kuondoa ugumu. Mimi nazipeleka nyingi kwa pamoja kwenye tanuri la mikate wakati moto umekolea na mikate imetoka. Zitatoka na rangi ya hudhurungi kidogo, ndimu inaimaliza.

Kung'arisha hakuna siri: msasa namba 400, halafu 600, kisha kitambaa chenye majivu laini yaliyochekechwa. Nta ya nyuki kidogo upande wa ndani hupunguza ile rangi ya kijani kwenye ngozi ya mteja anayetoka jasho, ingawa haiizuii kabisa, na ni heri umwambie mapema.

Mwonyeshe pia namna ya kuivaa: aiingize kwa ubavu wa mkono, sehemu nyembamba, kisha aizungushe, badala ya kuipanua na kuibana kila asubuhi. Akirudi akitaka iwe ndogo kwa zaidi ya sentimita moja, usiibane hivyo hivyo ikiwa ngumu. Ipashe hadi wekundu hafifu, ikunje upya kwenye bomba, na mchukulie malipo ya kazi kamili.