Vipele vya shingoni baada ya kunyoa

Mimi ni kinyozi hapa Ngamiani, Tanga. Mteja akikaa kitini nampapasa shingo kabla sijawasha mashine, na nikikuta vipele, wembe haupiti. Ndevu zetu hujikunja. Ukizikata chini kabisa, ncha huchongoka, ikarudi ndani ya ngozi, pakavimba. Kwa hiyo achana na wembe kama mwezi mzima; punguza kwa mashine, ukibakiza milimita 1 hivi.

Jioni kanda shingo kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, dakika 10. Unywele uliofanya kitanzi uinue taratibu kwa sindano iliyochemshwa, usichimbe wala kuung'oa. Kuminya sikubali kabisa, kwa sababu nimeona shingo za vijana wazuri zikijaa makovu ya kuvimba. Na krimu za kujichubua usiziguse.

Ukirudia wembe, uwe mpya na wako peke yako. Lainisha ndevu kwa maji moto na povu, usivute ngozi, fuata zinakoelekea (shingoni hugeuka, papasa kwanza).

Ukiona usaha, au uvimbe mgumu kisogoni, nenda hospitali. Kwa sisi wa Tanga, Hospitali ya Bombo si mbali.