SOMO: Picha za kuangalizia ukichora watu, nguo, majeraha na silaha

Wakuu, kila wiki naulizwa "picha unatoa wapi", sasa naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa. Mfano ni katuni yangu ya Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907.

1. Mikao: simu, taima, jipige picha mwenyewe.

2. Nguo: kanga usiichore kwa kubuni, azima ya mama, jifunge, chuchumaa, utaona mikunjo inaanzia pale inapobanwa. Za zamani angalia mkusanyo wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, picha za Afrika Mashariki 1860 hadi 1960, bure mtandaoni. Ila kumbuka za studio watu walipendeza kwa ajili ya kamera, shambani hawakulima hivyo.

3. Majeraha: masomo mengi ya mtandaoni yanachora ngozi nyeupe. Kwetu mtu akipigwa ule wekundu hauonekani sana, unaona uvimbe na weusi uliokolea kuliko ngozi ya pembeni.

4. Silaha. HAPA NILIUMBUKA. Niliokota Pinterest picha ya askari wa Mjerumani imeandikwa Majimaji, nikachora kurasa sita, mzee mmoja aliyewahi kuwa jeshini akacheka, mbona kishikio cha kukokia kiko kushoto? Kumbe picha imegeuzwa kama ya kwenye kioo. Halafu ni ya vita ya 1914, na bunduki ni Mauser ya 1898, wakati askari wengi wa Majimaji walibeba ile ya 1871, risasi moja moja, ukifyatua linatoka wingu la moshi mweupe. Nilichora upya ZOTE. Kwa hiyo usiamini maelezo ya aliyeposti, ipitishe Google Lens ufike ilikotoka, soma mwaka, kagua vifungo na maandishi kama havijageuka. Anza na za Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, zilizoko Wikimedia Commons.

MASWALI

penseli_kali: Mkuu nitumie link ya bunduki
— Hatua ya 4.
penseli_kali: Nimeiona ila ndefu
— Basi chora panga.

binti_wa_tanga: Samahani kaka, mimi nataka upande wa wapiganaji wenyewe, walishika nini?
— Swali zuri dada. Mikuki, pinde na mishale, na magobole. Gobole linashindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, kwa hiyo akishafyatua mchore anahangaika kushindilia huku askari anakuja, hapo una ukurasa mzima. Ukifika Songea ingia Makumbusho ya Majimaji na daftari lako, omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

fundi_wino: Naongezea, ukijipiga picha na fagio badala ya bunduki bega halishuki, fagio jepesi. Mimi nafungia chupa mbili za maji za lita moja na nusu.
— Aisee hii naiiba.
binti_wa_tanga: Nimejaribu na mchi wa kinu, mkono unatetemeka kweli 😂