Somo: Paka wa kitambaa anayesimama, anayekaa na anayelala

Paka wa somo hili ana mikao mitatu: husimama kwa miguu minne, hukaa kitako, na hulala kifudifudi miguu ikiwa mbele. Ndani hana waya. Kinachombeba ni viungo vitano vya boliti na vipimo vinavyokubaliana, na hivyo vipimo ndivyo vinavyowashinda wengi. Mtu hukata paka mzuri wa kusimama, akamtia viungo, kisha akimkalisha, miguu ya nyuma inagongana na ya mbele na paka anaegemea ubavu. Hapo hata uongeze pamba kiasi gani haisaidii, kwa sababu kosa lilianzia kwenye karatasi.

Kwa hiyo chora kwanza paka aliyekaa. Ukimpata huyo, wa kusimama na wa kulala wanatoka kwenye patani (kiolezo cha karatasi) ileile.

Vipimo

Weka nukta mbili kwenye karatasi: nyonga na bega. Kati yake ziwe sentimita 12. Paka akikaa, mgongo huinuka kwa nyuzi 45 hivi, paja likawa limelala sakafuni na mguu wa mbele ukasimama wima. Paja ni duara lenye upana wa sm 7, basi nyonga iko sm 3.5 juu ya sakafu. Bega limepanda juu ya nyonga kwa 12 × 0.7, yaani sm 8.4. Jumlisha na 3.5, unapata 11.9. Sema 12. Huo ndio urefu wa mguu wa mbele kutoka tundu la kiungo hadi wayo, na mguu wa nyuma uupe urefu huohuo ili akisimama mgongo usiinamie upande wowote. Ukitaka paka mkubwa zaidi, badilisha umbali wa nyonga na bega pamoja na upana wa paja, kisha piga hesabu hiyo upya. Usikuze mguu kwa macho.

Tundu la kiungo likae katikati kabisa ya duara. Likisogea pembeni, mguu unapozunguka humwinua au humshusha paka, na hesabu yote inavurugika.

Sasa mtazame kwa juu. Akikaa, miguu ya mbele inatua katikati ya miguu ya nyuma. Haiwezi kupita hapo kama kifua ni kipana sawa na kiuno. Mwili uwe na umbo la papai: sm 9 nyuma, sm 4 kifuani. Mguu wa mbele uliokatwa upana wa sm 4 (bila mshono) ukijazwa huwa na unene wa sm 2.5, hivyo kifua pamoja na miguu yake miwili hufika sm 9, sawa na kiuno. Inapita. Faida ya pili ni kwamba akilala, nyayo za nyuma zinapita nje ya mabega badala ya kuyagonga.

Vifaa

Blanketi la flisi nusu mita. Pamba ya mito ya polyesta gramu 120 hadi 150. Boliti tano nyembamba za spana namba 8, urefu wa milimita 20, zisizoshika kutu, kila moja na washa mbili (viduara vya chuma vyenye tundu) na nati yenye plastiki ndani, ile inayojifunga. Visahani kumi vya plastiki ngumu, vinavyokatwa kwenye mfuniko wa ndoo: vinne vya sm 5.5 kwa nyonga, vinne vya sm 4 kwa mabega, viwili vya sm 4 kwa shingo. Vipande vya jinzi kwa nyayo na kwa kuimarisha matundu. Kokoto ndogo zilizooshwa na kukaushwa, gramu 60. Maharage na mchele viache, vinaleta wadudu na siku ya kufua vinavimba.

Kukata na kushona

1. Mwili una mbavu mbili na ukanda mmoja. Ubavu ni nusu duara yenye upana wa sm 7 nyuma, kitovu chake nyonga, na ya sm 6 mbele, kitovu chake bega, zilizounganishwa kwa mistari. Ukanda unazunguka ubavu wote, ukianzia na kuishia kifuani: urefu sm 44.5, upana sm 3 kwenye ncha mbili na sm 7 katikati, sehemu itakayoangukia kiuno. Pamba ikishasukuma mbavu nje, unapata zile 4 na 9. Ongeza milimita 7 za mshono kila ukingo.

2. Kata miguu vipande nane, katika kila jozi kipande kimoja kikiwa kimegeuzwa. Mguu una umbo la kijiko: wa nyuma duara la sm 7, wa mbele duara la sm 5, kisha shina lenye upana wa sm 4. Ivute flisi kwa mikono kabla ya kuweka patani. Upande unaovutika uelekee upana wa mguu, usielekee urefu, la sivyo mguu mmoja utarefuka kuliko mwenzake. Manyoya yote yaelekee wayo.

3. Tia alama za viungo kabla ya kushona. Bandika mbavu mbili uso kwa uso, chomeka pini kwenye nyonga hadi itokee upande wa pili, weka chaki pande zote mbili. Fanya hivyo kwa bega. Tofauti ya milimita 3 tu inatosha kumfanya akae upande.

4. Shona kwa hatua fupi, milimita 2. Acha uwazi wa sm 6 mgongoni na kwenye kila mguu wa nyuma, na sm 4 kwenye kila mguu wa mbele, upande wa nyuma wa mguu, ili visahani vipite. Kwenye kona za mviringo kata vijino, ukiishia milimita 2 kabla ya uzi.

Viungo

Hapa usiwe na haraka. Boliti inapita kwa mpangilio huu, kuanzia ndani ya mguu: washa, kisahani, kitambaa cha mguu, kitambaa cha mwili, kisahani, washa, nati. Kinachoshika mkao ni msuguano wa vitambaa viwili vilivyobanwa kati ya visahani viwili. Pamba haihusiki, na ndiyo sababu kiungo hiki hakilegei pamba inaposhuka. Dubu wa kuchezea wa kampuni ya Steiff ya Ujerumani wa mwaka 1902, yule aliyeitwa 55 PB, miguu yake ilifungwa kwa kamba. Viungo vya visahani vilikuja baadaye.

Tundu usilikate kwa mkasi. Shona kwanza kipande cha jinzi cha sm 4 upande wa ndani, kisha toboa kwa shazia na upanue taratibu, nyuzi zisogee bila kukatika.

Kaza nati mpaka mguu, ukimshika paka hewani, usianguke wenyewe. Ongeza nusu mzunguko. Acha usiku kucha, kwa maana flisi hubonyea, kisha kaza tena. Kiungo kilichokazwa vizuri kinazunguka kwa mlio mdogo mzito wa kitambaa kusuguana. Kikizunguka kimya na kwa urahisi, bado.

Kichwa na kujaza

Kichwa cha sm 8, kiwe chepesi, kifungwe juu ya kifua badala ya mbele yake. Boliti ya shingo inakigeuza kulia na kushoto tu. Kwa hiyo mpe uso unaotazama chini kwa nyuzi 20 akiwa amesimama. Akikaa atakuwa anatazama juu kwa nyuzi 25, kama paka anayesubiri kipande cha samaki.

Jaza miguu kwanza, kuanzia wayo, pamba vipande vidogo vidogo, uisukume kwa kijiti mpaka ukibonyeza kwa dole gumba shimo lirudi lenyewe. Kwenye duara jaza bapa. Kokoto zitie kwenye kimfuko kilichoshonwa mara mbili, ukiweke chini kabisa ya kiuno, kisha jaza mwili. Funga uwazi kwa mshono wa kuficha.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Wangu anakaa vizuri juu ya mkeka, lakini kwenye vigae miguu ya mbele inateleza na anaishia kulala.*

Marahaba. Flisi haishiki vigae. Badilisha nyayo uweke jinzi, upande wa nje usiong'aa. Kama bado anateleza, pima mguu wa mbele: ukiwa mrefu kuliko hesabu, hausimami wima, unaegemea mbele, na lazima ukimbie.

*Naweza kutumia uzi wa fundi viatu badala ya boliti? Huku nati za kujifunga sizipati.*

Unaweza. Visahani vibaki vilevile, kila kimoja kiwe na matundu mawili yaliyoachana milimita 8. Pitisha uzi wa nailoni mara sita kati ya kisahani cha mguu na cha mwili, kwa kila kiungo peke yake. Usiuvushe uzi hadi mguu wa upande wa pili, maana hapo utakuwa unabana pamba. Kama boliti unazo na nati ni za kawaida, weka mbili na uzikaze moja dhidi ya nyingine.

*Na waya je? Si rahisi zaidi?*

Ni rahisi siku ya kwanza. Waya ukikunjwa palepale mara nyingi hukatika, na ncha yake hutoboa kitambaa. Kwa mdoli wa mtoto, usitumie.

*Mtoto ana mwaka na nusu. Anafaa?*

Kwa aliye chini ya miaka 3, shona miguu moja kwa moja mwilini bila boliti, na macho yadarizi. Kisahani cha sm 4 ni kikubwa kuliko tundu la milimita 31.7 la kupimia vipande vya kukaba koo, lakini nati inapita humo. Kwa mtoto mkubwa, pima kila mguu: kiwango cha Ulaya cha usalama wa vitu vya kuchezea, EN 71-1, huvuta kwa nyutoni 90 kwa sekunde 10. Ning'iniza ndoo yenye maji, jumla kilo 9 hivi, na uangalie mishono.

*Sufi inafaa kujazia? Pwani tunayo.*

Kichwani inafaa, ni nyepesi mno. Miguuni hapana, hubonyea na kujikusanya. Na huyo paka usimloweke, mfute kwa kitambaa chenye maji.

*Nataka mbuzi badala ya paka.*

Mbuzi akilala hukunja magoti ya mbele chini ya kifua, hivyo anahitaji kiungo cha pili gotini. Ukishona tu mstari wa kukunjia, goti litakunjika vizuri lakini akisimama litaporomoka. Tumia jozi ya visahani vya sm 3 gotini, na mguu wa mbele ukate vipande viwili vinavyopishana, cha juu nje, cha chini ndani.