Kabla ya Kulenga Yadi 1,000 Bisley: Mambo ya Kuzingatia

Mlenga shabaha wa Kenya anayepania kwenda Bisley, kule Surrey nchini Uingereza, kwa mashindano ya Julai, swali lake la kwanza huwa: ninunue bunduki gani? Mimi ningemwambia aache hilo kwa muda. Katika daraja la Target Rifle karibu wote hutumia bunduki za milimita 7.62 zinazopakiwa risasi moja moja. Darubini juu ya bunduki hairuhusiwi. Unalenga kwa tundu la nyuma na duara la mbele. Risasi zenyewe hutolewa na waandaaji palepale, za aina moja kwa wote. Ukiwa na bunduki iliyotunzwa na mtutu ambao haujachakaa, fedha iliyobaki iende kwenye mazoezi.

Jua kwanza unajiandalia masafa gani. Zawadi ya Mfalme, ambayo ndiyo kilele cha mashindano hayo, ilianza 1860 huko Wimbledon, Malkia Victoria akifyatua risasi ya ufunguzi, kisha ikahamia Bisley mwaka 1890. Hatua ya kwanza hulengwa yadi 300, 500 na 600. Ya pili ni masafa hayohayo kwa risasi nyingi zaidi, na ni walengaji 100 tu wanaofika fainali, ambako kila mmoja hupiga risasi 15 kwa yadi 900 na 15 kwa yadi 1,000. Wapo wanaotumia msimu mzima kujifua kwa yadi 1,000 peke yake, halafu wanaachwa nje kwa pointi 2 walizopoteza kwenye yadi 300, mahali ambapo upepo hauwezi kulaumiwa sana. Anza karibu.

Kwa sisi tunaotoka nyanda za juu kuna jambo ambalo Mwingereza hatakukumbusha, maana yeye halimhusu. Viwanja vya karibu na Nairobi viko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Bisley iko chini kabisa. Hewa ya kwetu ni nyepesi, risasi hukatiza kwa urahisi na haishuki sana. Kule hewa ni nzito. Kipimo cha kilengeo kilichokupa kitovu cha shabaha nyumbani kwa yadi 1,000 kitakupeleka chini kule, kwa dakika kadhaa za pembe (dakika ni sehemu moja ya 60 ya digrii). Dakika moja ya pembe kwa umbali huo ni takriban sm 27, na kitovu chenyewe kina upana wa takriban sm 61, kwa hiyo dakika 3 tu zinakutoa nje kabisa. Andika vipimo vya nyumbani vya kila masafa kwenye daftari, pamoja na joto na mwinuko wa uwanja, kisha utafute programu ya kukokotoa mwendo wa risasi ikupe makisio ya Bisley kabla hujapanda ndege. Makisio hayo uyahakikishe kwenye yadi 300 na 600 kwanza. Ukiona yadi 600 imekuja tofauti na ulivyokokotoa, ya 1,000 nayo itakuja tofauti zaidi.

Kisha upepo, na hapa ndipo ningeomba usome polepole. Risasi ya 7.62 huchukua zaidi ya sekunde moja na nusu kufika yadi 1,000, na inapofika kasi yake imeshakaribia ya sauti. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa huisukuma zaidi ya mita 2 kando. Maana yake, ukikosea makisio kwa kilomita 2 tu kwa saa, risasi iliyokuwa ikienda katikati inaishia ukingoni mwa kitovu. Hakuna anayepima tofauti hiyo kwa shavu. Uwanja wa Stickledown, ule wa masafa marefu kule Bisley, una bendera njiani, na walengaji wazuri hawatazami bendera zote. Huchagua moja au mbili zinazosema kweli siku hiyo na kuzishikilia. Kukiwa na jua, weka darubini ya chini ulenge umbali wa katikati, utaona mazigazi yakitiririka kuelekea upande upepo unakokwenda. Yakianza kuchemka wima, jihadhari: ama upepo umetulia, ama unakaribia kugeuka, na hiyo ndiyo saa ya kusubiri badala ya kufyatua.

Kusubiri nako kuna mpaka. Una sekunde 45 kwa kila risasi, na mnalenga wawili au watatu kwenye shabaha moja kwa zamu. Mwenzako akifyatua, wewe ndiye unayemwandikia pointi kwenye kadi yake, na papo hapo unachora ya kwako daftarini: ulipokisia risasi imekwenda ulipofyatua, ilipoangukia, upepo uliouweka. Mambo haya matatu kwa pamoja yanachanganya sana mara ya kwanza. Yafanyieni mazoezi nyumbani mkiwa wawili na saa ya mkononi, hata bila kufyatua chochote. Risasi 2 za kupimia huruhusiwa mwanzoni, na ukipenda unaweza kuzihesabu kama pointi. Amua kanuni yako mapema, usije ukaanza kufikiria huku muda unayoyoma.

Kuhusu mwili: koti gumu la kulengea, glavu ya mkono wa mbele, mkanda unaofungwa juu ya kiwiko, mkeka, viziba masikio. Vaa vyote kila mara unapofanya mazoezi, kwa sababu koti jipya hubadilisha urefu wa kitako begani. Nusu saa ya kufyatua bila risasi, bunduki imekaguliwa mara mbili kwamba ni tupu na hakuna risasi kwenye chemba (pale risasi inapokaa ndani ya bunduki), hufunza kidole kuliko pakiti nzima ya risasi. Ukiona ncha ya mtutu inaruka pini ya kufyatulia inapogonga, tatizo ni mkono wala si kilengeo.

Mvua ya Julai ya Kiingereza usiidharau. Risasi iliyolowa huongeza shinikizo kwenye chemba na kupiga juu, kwa hiyo beba kitambaa na kisanduku chenye kifuniko. Mtutu safi na baridi hupeleka risasi ya kwanza mahali tofauti na zinazofuata. Hilo ndilo lililo nyuma ya zile risasi za kupimia. Kibendera cha chemba, kinachoonyesha kwamba bunduki ni tupu, usikisahau. Bila hicho utasimamishwa kabla hujatandika mkeka.

Mwisho karatasi, ambazo kwa wengi ndizo huchukua muda mrefu kuliko bunduki yenyewe. Kenya leseni iko chini ya Bodi ya Leseni za Silaha, na kuisafirisha bunduki nje ni ruhusa nyingine. Uingereza nako mgeni anahitaji kibali cha muda cha polisi, na hakiombi yeye. Anayeomba ni mdhamini aliye kule kwa niaba yake. Tafuta mdhamini huyo miezi mingi kabla, umtumie namba za bunduki kama zilivyochongwa kwenye chuma, herufi kwa herufi, kwa sababu afisa wa forodha atalinganisha karatasi na bunduki. Shirika la ndege liulize kuhusu kasha gumu lenye kufuli, boliti (komeo la kufungia chemba) ikiwa imetolewa, na uombe jibu kwa maandishi. Safari ya kuunganisha ndege mbili huhitaji uwaulize wote wawili, na wakati mwingine nchi ya katikati pia.