Afande umestaafu na unautaka ubunge wa Tabora Mjini? Anza na tarehe zako

Fomu ya uteuzi yenyewe si ngumu. Kinachokula muda ni karatasi zinazotakiwa kuwepo kabla hujaifikia, na kwa mtu aliyetoka jeshini ya kwanza ni hati ya kustaafu. Agosti 2025 nilikuwa mpambe wa sajini mmoja mstaafu hapa Tabora. Haya ndiyo yaliyotutoa jasho.

Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa. Kupiga kura ruksa, basi. Na mwanajeshi hapo si wa JWTZ peke yake, wamo Polisi, Magereza na JKT. Halafu Ibara ya 67 inataka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Mgombea binafsi hakuna, japo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ilishampa ushindi Mchungaji Mtikila, mwanasiasa aliyedai haki ya kugombea bila chama, mwaka 2013. Kwa hiyo tarehe ya kadi yako ya chama lazima ije baada ya tarehe ya kutoka jeshini. Kikwete mwenyewe, vyama vingi viliporudi 1992, ilibidi achague. Akaacha jeshi akiwa Luteni Kanali.

Kama hati huioni, ianze safari kabla chama chako hakijafikiria hata kura za maoni, zile za kuchuja wagombea ndani ya chama. Ofisi moja ilituambia faili la afande liko Dar es Salaam. Tuandike barua, tukaandika. Barua ikataka muhuri wa ofisi nyingine, tukaupata. Mwisho wa yote faili likaibuka kwenye kabati nyuma ya kiti cha karani yuleyule, naye bila haya akauliza mbona tumechelewa. Humo ndani afande ana majina mawili, kitambulisho cha taifa cha NIDA matatu, na kadi ya mpiga kura imemmeza herufi. Maliza kiapo cha majina mapema, kwa sababu mpinzani wako atazihesabu herufi hizo kuliko sera zako.

Mambo ya kura za maoni nayaruka, kila chama na visa vyake. Ukishapitishwa, chukua Fomu Na. 8B kwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo. Chukua na nakala ya kujazia rasimu.

Wadhamini, yaani wapiga kura wanaokusainia fomu, ndiyo shughuli. Wanatakiwa wasiopungua 25, wote wakiwa wameandikishwa kupiga kura ndani ya jimbo hilo. Tabora hapa pana mtego: jirani yako wa Ipuli au Cheyo mnakunywa naye kahawa kila asubuhi, kumbe kadi yake ni ya Isikizya, na huko ni Uyui, jimbo jingine. Usiulize mtu "umejiandikisha?" Atasema ndiyo, na hajakudanganya. Mwambie atoe kadi, soma kata na kituo, nakili namba mwenyewe. Muulize pia kama hajamsainia mgombea mwingine, maana wapo wenye moyo mkubwa wanaodhamini kila anayepiga hodi. Weka wachache wa akiba.

Tamko la kisheria la mgombea unalisaini mbele ya hakimu. Muhuri wa wakili, hata uwe mzuri vipi, hausaidii. Asubuhi hakimu ana kesi zake, na kwenye benchi utawakuta wagombea wa vyama vyote wamenuniana. Sisi tulikaa hadi mchana.

Sehemu ya kazi andika mstaafu, usiandike askari. Picha piga na shati la kawaida. Kombati mwachie aliyeko kambini. Katibu wa chama asaini na kugonga muhuri, risiti ya dhamana, ile pesa anayoweka mgombea, iambatane na fomu.

Siku ya uteuzi mlango unafungwa saa 10:00 jioni. Nenda asubuhi, ukiambiwa kuna kasoro uwe na muda wa kurekebisha. Fomu zikibandikwa usikimbilie nyumbani kupokea pongezi: pingamizi zinapokelewa hadi saa 10:00 jioni ya kesho yake. Tuliyowekewa sisi ilidai afande bado ni mwanajeshi. Tulijibu kwa maandishi, tukaambatisha nakala ya hati na kadi ya chama, tarehe zikiwa zimepigiwa mstari. Msimamizi akikukatalia, rufaa inakwenda Tume ya Uchaguzi. Dai uamuzi wake kwa maandishi kabla hujatoka mlangoni.