Wakisema mutoto ni muchawi kanisani, mukristo afanye nini?

Hapa Bukavu kuna mambo yenye ukigusa tu kanisa inagawanyika, mahari, siasa, mudada mwenye amezaa kwao. Lakini yenye inaniuma zaidi ni hii ya watoto kuitwa wachawi, basi nitaonyesha njia kwa hiyo, zingine utajipimia.

Kwanza usijibu kwa grupe ya WhatsApp. Pale kila mutu anarusha mustari, "usimwache mwanamke mchawi kuishi", na hakuna mwenye ameenda kumuona mutoto mwenyewe. Mithali 18:13 inasema kujibu mbele ya kusikia ni upumbavu na aibu. Fika nyumbani kwao.

Mimi nilifika kwa moja, komine ya Kadutu hapa Bukavu, kijana wa miaka nane hivi, mama yake alikufa, mulezi akaanguka biashara, mutabiri akasema shida yote inapitia kwa huyo mutoto. Nikauliza tu analala wapi, anakula na nani, kumbe ushahidi wote walikuwa nao ni kwamba anakojoa kitandani na anasema peke yake usiku. Mutoto mwenye ameona mama yake anakufa, atalala namna gani? Ukichimba karibu kila mara utakuta kifo, deni, njaa, mama wa kambo, kisha watu wanatafuta wa kubebesha.

Fungua nao Yohana 9. Wanafunzi wanauliza nani alitenda dhambi, huyu kipofu ao wazazi wake, Yesu anasema si yeye wala wazazi wake. Soma sura yote polepole, na usiingie kwa mabishano kama uchawi iko ao haiko, hiyo haiishi na itakufungia mulango, wewe uliza tu Yesu alimufanyia yule mutu nini.

Kisha muone muchungaji pembeni kama Mathayo 18:15, asiposikia rudi na watu wawili. Mukumbushe na sheria pia: kipengele 41 cha katiba ya Kongo yetu ya 2006 kinakataza kushitaki mutoto uchawi, na sheria ya 2009 ya kulinda mutoto inaweka kifungo cha mwaka 1 mpaka 3 na amande (faini). Wengi wanaita hiyo mambo ya wazungu, hapana, ni sheria ya kwetu.

Lakini kama wanamufungia bila chakula, ao wanamupiga na kumuchoma eti ni kumufungua, usingojee mukutano wa wazee, siku ile ile ita shefu wa kartie (mukubwa wa mutaa), polisi na watu wa afere sosiali (ofisi ya mambo ya jamii), utafute jamaa wa kumulaza. Watasema unapinga watumishi wa Mungu, vumilia tu, Mithali 31:8 inatuomba tusemee mwenye hana wa kumusemea.

Jumapili yenye inafuata, keti na mutoto benchi ya mbele watu wote waone, na muchangie yule mulezi kidogo aanze tena kuuza, juu bila hiyo kesho atarudi kwa mutabiri.