Somo: Jenereta zote mbili zikizima angani, Boeing 737 NG (Next Generation)

Leo tuchukue hali moja tu. Futi 35,000, usiku, jenereta za injini zote mbili zimetoka kwa mpigo. Skrini za kulia zinazima, otopailoti inaachia, king'ora kinalia. Injini zenyewe zinaendelea kuvuma, maana kila moja ina altaneta yake, jenereta ndogo inayolisha kompyuta yake.

1. Kapteni ashike usukani hata kama zamu ilikuwa ya mwenzake. Skrini zilizobaki ni zake. Trimu ya umeme, inayosawazisha pua ya ndege, haipo; zungusha gurudumu la trimu kwa mkono.

2. Tazama saa. Ndege yenye betri moja huhesabiwa dakika 30, yenye mbili dakika 60. Zimeshaanza kuliwa.

3. Rubani msaidizi afungue kitabu cha dharura na asome kwa sauti. Swichi za jenereta, washa. Ikirudi hata moja, shukuru: inabeba pande zote mbili, ila majiko ya wahudumu hukatwa kwanza. Chai isubiri.

4. Zikigoma, washa injini ndogo ya mkiani, ina jenereta yake. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kwenye simuleta (mashine ya mazoezi). Ikikataa wanarudia, wanarudia tena, na kila jaribio linakunywa betri ileile iliyowabakizia skrini.

5. Bado giza? Shuka. Pampu za kwenye matangi ni za umeme. Bila hizo injini hufyonza mafuta yenyewe, na huko juu mfyonzo unaweza kushindwa, nguvu ikapungua au injini ikazima. Hili halisemwi vya kutosha.

6. Toa Mayday (mwito wa dharura redioni), kisha uwanja ulio karibu unaofaa.

Ukinusa moshi, acha orodha hii, fungua ile ya moshi. Ndege ya Swissair, safari 111, ilipotea Septemba 1998 na watu 229 kwa moto ulioanzia kwenye nyaya juu ya dari.

MASWALI

— Mwalimu, kile kipangaboi kinachochomoka nje kuzalisha umeme kwa upepo hakisaidii?
Kipo kwenye Airbus A320, ndugu. 737 hii haina. Usukani wake umeungwa kwa kebo, kwa hiyo hata hidroliki (nguvu ya mafuta inayosaidia usukani) ikiisha unairusha kwa misuli.

— Imewahi kutokea kweli, au ni ya darasani tu?
Januari 2008, Boeing 747 ya Qantas ikikaribia Bangkok. Maji ya jikoni yalifurika yakavujia chumba cha vifaa vya umeme, jenereta tatu kati ya nne zikatoka. Ilitua salama. Kisa ni maji ya jikoni, hebu fikiria.

— Kwenye simuleta nilitoka Dar kwenda Nairobi, juu ya Moshi nikabaki na betri moja tu. Nilisukuma hadi JKIA (uwanja wa Nairobi), skrini zikafa nikiwa fainali, hatua ya mwisho ya kutua. Nilikosea wapi?
Juu ya Moshi, dada. KIA (uwanja wa Kilimanjaro) ilikuwa chini ya pua yako, na njia yake ya kurukia ina mita 3,600 hivi. Nairobi ungeenda kesho.